Tulienda Kuona Mawe, Tukarudi na Alama Begani

Nusu ya habari hii niliibeba mwenyewe, kwa bega hili la kulia.

Nusu nyingine aliniambia Mwantum, mke wa mwanangu Uthmani, mwaka jana, siku ya Alhamisi mchana, zikiwa zimebaki siku tisa kufikia harusi ya mjukuu wangu Sumaya.

Kati ya nusu hizo mbili ilipita miaka ishirini na moja.

Na miaka yote hiyo nilikuwa nimemshika mtoto wa watu kwa kosa ambalo hakulifanya.

Ngoja niwaeleze kwa utaratibu. Mimi sina haraka, na nyinyi msiwe nayo.

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka 2004. Vita vilikuwa na miaka karibu kumi na moja, na watu wa Bujumbura walianza kusema vimekwisha, maana karibu makundi yote yalikuwa yamesaini amani. Walibaki waasi wale wa kwenye milima inayozunguka mji. Sisi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, usiku tulisikia mizinga upande wa juu, asubuhi tukaamka kukaanga mandazi. Ndivyo tulivyoishi.

Uthmani alikuwa fundi magari. Alikuwa ameoa miezi miwili tu. Siku moja akarudi kutoka gereji, hata mikono hajanawa, akaniambia:

"Mama, Jumapili tunapanda mulima."

"Kuna msiba?"

"Apana. Tunaenda kuona mawe."

"Mawe ya kujengea?"

"Ya kuona tu."

Nilidhani mvuke wa petroli umemwingia kichwani.

Kumbe kuna mteja wao, mzungu mmoja, aliwaonyesha picha. Mawe marefu yamesimama kwenye mgongo wa kilima, juu ya Kanyosha. Wenyeji wanayaita Abageni, yaani mabibi harusi. Na Salvator, fundi mwenzake Uthmani, mjomba wake alizaliwa upande huo. Akasema njia ni nyepesi, saa mbili za kutembea, hata mwenye mimba anapanda. Tukitoka alfajiri, alasiri tuko nyumbani. Na wiki tatu hakujasikika risasi huko.

Nilikubali kwa sababu moja. Mwantum.

Tangu aingie nyumbani kwangu hakuwa amekwenda mbali zaidi ya soko. Na alikuwa mkimya, yaani mkimya mpaka ukimpa salamu unajiuliza kama umeitoa kwa sauti au umeiwaza tu. Nikasema labda akipanda mlima mdomo utafunguka.

Nikakaanga sambusa. Nikajaza chai kwenye termosi.

Jumapili tukaondoka watu wanne: mimi, Uthmani, Mwantum, na huyo Salvator. Teksi ilituacha mwisho wa lami. Bariyeri ya askari ilikuwa hapo hapo. Wakaangalia vitambulisho, wakafungua kapu langu, wakafunga.

"Saa kumi na moja tunafunga," mmoja akasema. "Atakayekuwa upande wa pili, alale upande wa pili."

Tukapanda.

Sitawadanganya, njia ilikuwa nyepesi kweli. Muhogo huku, migomba huku, ziwa nyuma yetu limelala kimya. Kilichonisumbua ni nyumba. Unaiona nyumba imesimama, lakini haina bati, haina mlango, haina hata fremu ya dirisha. Tulipita nyumba saba za namna hiyo. Salvator, ambaye gereji nzima wanamjua kwa maneno, alipiga mluzi tu.

Halafu tukayaona.

Mawe tisa. Kila moja refu kuliko nyumba, jembamba kiunoni, na juu ya kila moja kuna jiwe bapa, kama mtu aliyejitwika mzigo. Yamepangana mstari yakiteremka kilima. Kweli, ni kama mabibi harusi wanapelekwa kwa waume, wameinamisha vichwa.

"Hakuna aliyeyapanga," Salvator akasema. "Mvua ilikula udongo, yenyewe yakabaki."

Mwantum alikwenda kwenye jiwe la mwisho, lile dogo, akaliwekea kiganja. Akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka.

"Huyu amechoka," akasema. "Muangalieni alivyosimama."

Nikamwambia Uthmani kwa chini, "Umefanya vizuri kutuleta."

Tukala. Tukasali adhuhuri kwenye kivuli cha bibi harusi wa tatu. Nilikuwa natoa salamu, nimegeuza uso kushoto, ndipo nikawaona.

Watu watano wanakuja nyuma ya mawe, na ingobyi.

Kwa asiyejua: ingobyi ni kapu refu la kubebea mgonjwa, lina miti miwili, linakaa kwenye mabega ya wanaume wanne. Milimani hakuna gari. Mtu akizidiwa, majirani wanamweka humo wanakimbia naye. Na kuna sheria yake, haijaandikwa popote lakini kila Mrundi anaijua: ukikutana na ingobyi njiani, unaweka bega. Huulizi ni nani. Huulizi kabila, huulizi dini. Unapokea mti, unabeba kipande chako. Siku yako nawe utabebwa.

Wale walikuwa wanaume wanne, lakini mmoja alikuwa na panga, anatangulia kufungua njia. Waliobaki watatu ndio waliobeba. Mbele alikuwa mzee, amepitisha miti yote miwili, mmoja kila bega, anatweta kama mvukuto. Nyuma yao mukecuru, mama mzee, ameshika kibuyu cha maji. Mgonjwa alikuwa amefunikwa kitenge cha maua mekundu, toka kichwani mpaka miguuni. Anaguna. Sauti nyembamba, ya mtu aliyeuma meno.

Salvator akasimama papo hapo. Uthmani naye.

"Amahoro, wazee. Tupeni."

Yule mukecuru akaja mbele haraka. "Apana, wanangu. Nyinyi mko safarini. Endeleeni na yenu."

"Ni nani anaumwa?" nikauliza. Nilikosea kuuliza, lakini ni mdomo.

Akachelewa kidogo. "Mke wa mwanangu. Mtoto amekwama."

Mimi nimezaa sita, nimezika watatu. Mtoto amekwama, huyu mwanamke hana siku nyingine.

"Basi tupeni," nikasema. "Mzee wa mbele amekwisha."

"Tutafika," mukecuru akasema. "Msijichoshe."

Hapo ndipo moyo wangu ukachemka. Maana nilimuona anavyotuangalia: mitandio yetu, kofia ya Uthmani, termosi. Nikajua anachowaza. Anawaza, hawa Waswahili wa mji, kazi yao maneno na biashara, watajulia wapi kubeba. Hivyo ndivyo wanavyotusema tangu zamani.

"Mama," nikamwambia, "hata sisi tuna mabega."

Uthmani alikuwa ameshaweka lake chini ya mti. Salvator mti wa pili. Mzee hakuwa na nguvu ya kukataa, akatoka.

Tukashuka.

Salvator alijua kazi. Kabla ya kupokea alikunja majani makavu ya mgomba, akatengeneza ingata, ile pete ya kuweka chini ya mzigo. Uthmani hakuweka kitu. Mti wa mwitu, haujachongwa vizuri, juu ya shati jembamba.

"Weka ingata, we mutu wa lami," Salvator akamwambia.

"Tembea, sha. Usinifundishe."

Tulipofika mteremko mkali, mmoja wa wale wa nyuma akateleza. Mguu ukageuka. Kapu likainama, mgonjwa akatoa sauti ambayo bado naisikia.

Yule wa panga alikuwa mbele sana. Mzee hawezi. Nikampa Mwantum kapu na termosi, nikaingia chini ya mti.

"Wanawake hawabebi," mzee akasema.

"Leo wanabeba."

Nilikuwa na miaka arobaini na tisa. Nimebeba magunia ya mchele, nimebeba watoto, lakini sijawahi kubeba kitu kizito kama kile. Mti uliingia kwenye nyama. Nikasoma Qul-huwallah mpaka nikapoteza hesabu. Sijui ni hatua mia, sijui mia tatu. Nilijua tu kwamba juu ya bega langu kuna mwanamke mwenzangu anakufa, na mimi ni mguu wake.

Chini kulikuwa na kijito. Tukatua.

Wanaume wakaenda kwenye migomba, sasa ndio wanatafuta majani ya ingata, Salvator anamcheka Uthmani bega lake. Mukecuru akashuka kujaza kibuyu. Mimi nikakaa kwenye jiwe nimefumba macho. Mwantum alibaki karibu na ingobyi.

Nilipofumbua, Mwantum alikuwa amekaa mbali na ingobyi, anachezea ukingo wa mtandio. Nikaona amepauka. Nikadhani ni njaa.

Mbele kidogo njia inagawanyika. Mzee akasema wao wanakwenda kulia, kuna kituo cha afya cha masista. Salvator akasema atawafikisha, bado hawajatosha. Sisi turudi, bariyeri isitufungie.

Mukecuru akanishika mikono yote miwili. Hakusema asante. Aliniangalia tu, akageuka.

Nikamwambia, "Mungu amfungue salama."

Alishaanza kushika njia ya kulia.

Tulifika bariyeri saa kumi na robo. Askari wa asubuhi walikuwa wamebadilishwa. Sasa alikuwepo kaporali mmoja mrefu, sauti ya chini, mtu ambaye hapigi kelele na ndiyo maana unamuogopa.

"Mnatoka wapi?"

"Kuangalia mawe, shefu," Uthmani akasema.

Kaporali akawageukia wenzake. "Wanatoka kuangalia mawe."

Wakacheka.

"Kwenu Buyenzi mawe yamekwisha?"

"Haya ni marefu, shefu."

"Vua shati."

Kila mtu wa wakati ule anajua kwa nini. Anayebeba bunduki kila siku, mkanda unamwachia alama. Vijana walivuliwa mashati kwenye kila bariyeri, mabega yakakaguliwa kama nyanya sokoni.

Uthmani akavua.

Bega la kulia lilikuwa jekundu, limevimba, na mahali pamoja ngozi imetoka.

Hakuna aliyecheka tena.

"Hii ni nini?"

"Tulibeba mgonjwa. Ingobyi."

"Yuko wapi huyo mgonjwa?"

"Wamempeleka kituo cha afya."

"Nani wamempeleka?"

"Watu wake."

"Majina yao?"

Uthmani akanigeukia mimi. Nani anauliza majina kwenye ingobyi?

Wakamfunga mikono kwa kamba ya kiatu, wakamkalisha nyuma ya mifuko ya mchanga. Pale walikuwepo vijana wengine wawili, vifua wazi, wameinama. Kaporali akaangalia saa yake.

"Kamiyo inakuja saa kumi na moja," akasema. Hakumwambia mtu yeyote hasa.

Tulizijua hizo kamiyo, malori ya jeshi. Waliopanda, mama zao walizunguka maofisi yote ya Rohero, katikati ya mji, wakiuliza, mpaka soli za viatu zikaisha. Walirudi nyumbani na soli zilizoisha, basi.

Nilikuwa na dakika arobaini za kuwa bado na mwana.

Kaporali akatuacha sisi wanawake tusimame. Akamtazama Mwantum. Aliona ni mdogo, ni mke mpya, akajua huyu akitikiswa atadondosha.

"We binti. Huyo ni mume wako?"

Mwantum akaitikia kwa kichwa.

"Mlibeba nani?"

Mwantum akaangalia chini.

"Nakuuliza. Mlibeba nani?"

Kimya.

Nikamfinya mkono. "Mwambie, mwanangu. Mwambie tulichobeba."

Kimya. Machozi yanadondoka kwenye vumbi, mdomo umefungwa. Mume wake amefungwa hatua sita kutoka pale, anamwangalia, na yeye hana hata neno moja.

Wallahi nilimchukia.

Kaporali akatingisha kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu.

Nikaona Mwantum ameshaniulia mtoto. Nikasogea mbele.

"Niulize mimi."

"We mama, nyamaza."

"Sinyamazi. Naapa kwa Mungu aliyeniumba, na kwa watoto wangu watatu waliomo kaburini. Tulibeba mama mwenye uchungu, mtoto amekwama. Nimemsikia kwa masikio yangu. Nimembeba mwenyewe."

"Umembeba wewe?" Akatabasamu. "Wanawake hawabebi ingobyi. Uongo mwingine?"

Mimi ni mwanamke niliyelelewa. Tangu nivunje ungo hakuna mwanamume wa nje aliyeona bega langu. Nikashusha mtandio. Nikavuta shingo ya gauni mpaka mshono ukakatika. Nikamgeuzia.

Sikuliona mwenyewe wakati ule, lakini niliona macho yao.

Kulikuwa na askari mmoja mwenye mvi, muda wote amekaa kwenye gogo anakula sambusa zetu zilizobaki, alizozitoa kapuni. Akafuta mikono kwenye suruali. Akaja akaangalia bega langu, hakunigusa. Akaenda akaangalia la Uthmani. Akarudi.

"Mkanda unakata," akamwambia kaporali. "Huu haukukata, umeponda. Huu ni mti."

"Una uhakika?"

"Mi nimezaliwa mulimani. Na hawa hawakuweka ingata, ndiyo maana wamechubuka. Hakuna mutu wa mulimani, hata mujinga, anayebeba hivi." Akacheka kwa pua. "Hawa ni watu wa mji kweli."

Kaporali akawageukia wenzake.

"Mfungueni."

Nilimvalisha Uthmani shati mwenyewe, kama mtoto wa chekechea. Kaporali akasema jambo moja tu la mwisho:

"Msirudi kuangalia mawe."

Wale vijana wawili walibaki. Sikuwaombea neno. Nilichukua wangu, nikaondoka haraka kabla hawajabadili mawazo. Tulipokuwa tunaukaribia mtaa wa Kibenga, kamiyo ikatupita inapanda kwenda bariyeri. Sikugeuka. Hilo nalo ninalo mpaka leo.

Jumanne Salvator alirudi gereji.

"Mgonjwa alifika?" nikamuuliza.

"Alifika, mama Uthmani."

"Na mtoto?"

"Mambo ya wanawake hayo, mi sijui."

Yakaisha hivyo. Vita navyo vikaisha. Sumaya akazaliwa, na wengine wawili.

Lakini mimi na Mwantum hatukuisha.

Sikumtukana hata siku moja. Watu wa avenue yetu wanasema mimi nina subira, na kweli ninayo. Lakini nawaambia leo, kuna subira nyingine ni kinyongo kimevaa kanzu. Alinipikia, nikala. Aliniuguza goti, nikashukuru. Ndani nilikuwa nasema: huyu ndiye aliyenyamaza.

Mpaka Alhamisi ile.

Sumaya alikuja kukaa nami, nimpe maneno ya ndoa. Nikampa ya kawaida. Halafu mdomo wangu, huu huu, ukasema:

"Na siku mume wako akiwa kwenye shida, funga mkanda useme. Usiwe kama mama yako."

"Mama alifanya nini?"

"Muulize yeye alikuwa wapi siku baba yako alipofungwa."

Sikujua kwamba Mwantum yuko mlangoni na sinia la mchele wa kuchambua.

Alimtuma Sumaya kwa fundi cherehani. Akatandika mkeka, akakaa mbele yangu, akaanza kuchambua. Alichambua mpaka nikaona aibu.

"Mama," akasema, "pale kijitoni, nilifunua kitenge."

"Kitenge gani?"

"Cha mgonjwa. Wewe ulikuwa umefumba macho. Nikasikia anaomba maji. Nikasema ni mwanamke mwenzangu, ngoja nimshike kichwa anywe. Chai ilikuwa imebaki. Nikafunua."

Akatoa kokoto kwenye mchele, akaiweka pembeni.

"Hakuwa mwanamke."

"Nani, basi?"

"Alikuwa kijana. Ndevu ndiyo zinaanza. Mguu umefungwa matambara, unanuka. Na kando yake, chini ya nyasi, niliona chuma. Sikuangalia mara ya pili."

"Bunduki?"

"Sikuangalia mara ya pili, mama."

Nikakumbuka mukecuru alivyochelewa kunijibu. Msijichoshe, endeleeni na yenu. Kumbe hakuwa anatudharau. Alikuwa anatuepusha, na sisi tukamlazimisha kwa kiburi chetu cha kutaka kuonekana tunajua kubeba.

"Niliapa," nikasema. "Niliapa kwa watoto wangu waliokufa."

"Uliapa ulichokijua. Mimi ndiye sikuweza. Ningesema ndiyo, ningemdanganya Mungu, na sauti ingetetemeka, yule kaporali alikuwa anaisubiri hiyo sauti. Ningesema ukweli, tungekufa wote watatu. Nikasema bora nifunge mdomo, mama anayeamini ndiye aseme."

"Na njiani? Tulitembea saa nzima. Mbona hukuninong'oneza?"

Hapo akatabasamu kidogo. "Mama, we kitu ukikijua uso unakitangaza. Siku ile pilau iliungua, wageni walijua kabla ya kufunua sufuria."

Sikuweza kubisha. Ni kweli, walijua.

"Halafu baadaye? Miaka yote?"

"Ulikuwa unasali kwa raha. Nikaona nikikuambia, kila ukisujudu utakumbuka kiapo." Akakusanya mchele katikati ya sinia. "Wiki ile nilifunga siku tatu, kwa ajili ya kiapo chako. Sijui kama inakubalika mtu kumfungia mwenzake. Nilifunga tu."

Nilizikumbuka siku hizo tatu. Nilimwambia jirani yangu Adija: muone, anajifanya mchamungu, mume wake karibu afe hakufungua mdomo.

Nikamuomba radhi. Nilishuka kitini nikakaa naye kwenye mkeka, goti likanipigia kelele, nikamuomba radhi kama mtoto. Akasema yamekwisha. Nikamwambia hayakwishi kirahisi hivyo, nami nitamwambia Sumaya ukweli jioni hiyo hiyo. Na nilimwambia. Uthmani bado hajui. Yeye kwenye simu anaangalia mpira tu. Siku akisoma hapa, basi na ajue ameoa nani.

Swali lingine mtaniuliza: ningejua, ningebeba?

Sijui. Wale vijana wawili wa nyuma ya mifuko ya mchanga hawakubeba mtu, na wakapanda kamiyo. Mimi nilimbeba mwenye silaha, nikarudi nyumbani na wangu. Mizani hiyo siiwezi, namuachia Mwenyewe. Lakini ingobyi ikipita mlangoni kwangu leo, nitatoka.

Ninachoweza kuwaachia ni hiki. Ukiona mwenzako amenyamaza mahali ambapo wewe ulipaza sauti, usikimbilie kumwita muoga. Mzigo mmoja, lakini miti ni miwili, na huenda upande mzito uko kwake.

Nilidhani Mwantum amemaliza. Alisukuma sinia, akajilaza pale pale mkekani, mkono chini ya shavu, joto la saa nane limejaa chumba. Macho yameshaanza kufumba.

"Kitu kimoja kilinishangaza," akasema. "Nilipomfunua, aliniambia, 'Dada, tafadhali, usipige kelele.'"

"Sasa?"

"Alisema kwa Kiswahili, mama. Si cha mulimani. Cha hapa. Cha kwetu kabisa."

"Cha Buyenzi?"

"Yule mukecuru hakuwa mama yake," Mwantum akasema, usingizi umeshamshika ulimi. "Alikuwa amemshikia zamu mama mwingine, wa huku kwetu."

Akalala. Ishirini na moja ni miaka mingi ya kukesha na kitu. Alilala mdomo wazi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mimi nikajinyoosha pembeni yake, usingizi hauji. Nikaanza kupita avenue yetu nyumba kwa nyumba, kichwani. Mama Idi, mwanawe aliondoka elfu mbili na mbili, hakurudi. Mama Gaël, wanawe wawili. Bi Asiya wa kona, yule ambaye bado anaacha sahani moja zaidi mezani. Yule bibi wa kiwanja cha nyuma, aliyehama bila kuaga. Kila mlango nilisimama, nikajiuliza: ni wako huyu? Ni wako niliyembeba?

Nilifika kwa mama Hamimu, nyumba ya kumi na moja, bado sijabisha hodi, ndipo na mimi usingizi ukanichukua.